Mama na ziwa lisilopwa

Siku ya tatu tangu tufike Entebbe, huku Uganda kwenye Ziwa Victoria, mama aliniomba nimpeleke akaone maji, nkampeleka Kigungu kule mwisho wa barabara wavuvi wanakoegesha mitumbwi, akakaa kwenye jiwe na leso yake amejifunika mabegani manake asubuhi huku kuna baridi. Nikadhani anapumzika tu, kumbe anangoja maji yapwe. Saa nne yakawa pale pale, saa sita pale pale, saa nane tunaondoka jiwe alilokuwa akilitazama bado limelowa mpaka alama ile ile. Akaniuliza, mwanangu, maji haya hayendi mahali? Nkamwambia mama hili ni ziwa, haliijui kupwa wala kujaa. Hakusema kitu mpaka tukafika nyumbani.

Nieleze kidogo kwa wasiotujua. Sisi ni watu wa Mombasa, marehemu baba alikuwa mvuvi na mama ameishi miaka sitini na kitu mahali ambapo maji yanapanda na kushuka mara mbili kwa siku, kukiwa na bamvua yanashuka zaidi ya mita tatu, unaona mawe na mashimo ya pweza yote nje. Mume wangu alipata kazi ya mizigo huku Entebbe, tukasema twende wote, mimi na yeye na watoto wawili na mama, manake kumwacha peke yake mimi moyo wangu haukukubali. Njiani hapakuwa na tabu sana, mtu mzima wa Kenya kitambulisho cha taifa kinatosha kuvuka, kazi ilikuwa huko kukaa ndani ya basi usiku na mchana na mama miguu imemvimba.

Watu walituambia mtazoea haraka, Entebbe nayo ni pwani, maji pande tatu. Ni kweli maji yapo, tena ziwa lenyewe huoni ng'ambo, ukisimama ufukweni ni kama bahari kabisa. Lakini mtu aliyezaliwa baharini hadanganyiki hata dakika moja. Hakuna harufu ya chumvi. Hakuna pepo za kaskazi wala kusi za kuhesabia miezi. Nguo ukianika haibaki na ule unato. Mama kila alipoumwa magoti kule kwetu alikuwa anashuka pwani anayachovya kwenye maji ya chumvi, huku jirani akamkataza tangu mapema, akasema jjajja, yaani bibi, usiingie hovyo, ziwa lina kichocho. Basi maji yapo mbele yako na huwezi hata kuyatia mguu, kwake yeye hilo lilikuwa gumu kuliko baridi.

Na kuna jambo la kibla ambalo mimi binafsi nisingeliwaza. Mombasa ukielekea kibla unaelekea kaskazini karibu moja kwa moja, na bahari iko mkono wako wa kulia, jua linapochomoza linatoka huko majini. Nyumba tuliyopanga hapa iko upande wa magharibi wa rasi, na huku kibla kimeinama kidogo kuelekea mashariki, kwa hiyo mama akisimama kuswali ziwa liko mkono wa kushoto na jua linazama ndani ya maji. Maisha yake yote hajawahi kuona jua likizama majini. Wiki za mwanzo alikuwa akimaliza kuswali anakaa muda kwenye msala anatazama dirishani, nkimuuliza vipi mama, ananiambia nahisi kama nimeswali kwa kugeuka. Nilikuwa naenda jikoni kulia, nasema ukweli.

Ramadhani ndio ilituumiza zaidi. Saa zetu na za Mombasa ni zile zile lakini jua la huku linachelewa kama nusu saa, sasa mama anapiga simu nyumbani kusikia sauti za dada zake, anawasikia washafungua, vijiko vinagonga, wanamwambia tunakunywa uji, na yeye bado ana nusu saa ya kungoja peke yake. Asubuhi nayo tunaanza nyuma yao kwa hiyo urefu wa funga ni sawa tu, nilimweleza, akaelewa, lakini kuelewa si kupoa. Ikabidi tuwe tunawapigia baada ya Isha.

Chakula kilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Nazi sokoni Kitooro zipo chache, kavu na bei yake inakatisha tamaa, basi nikajifunza kupikia karanga za kusaga kama wanavyofanya wao, wanaita binyebwa. Samaki ngege nikamfanya wa kupaka kwa karanga badala ya tui na niseme bila kuficha, ni mtamu. Mputa ni yule sangara, mnofu mwingi ila mama anasema hana ladha ya kitu. Matoke watoto walipenda siku ya kwanza. Pesa ndio ilituchanganya, shilingi moja ya Kenya ni kama 28 za huku, kwa hiyo kila kitu ni maelfu, mtoto akitumwa mkate na noti ya 10,000 alikuwa anaikumbatia kama amebeba mahari.

Sasa lugha. Nilidhani Kiswahili kitatufungulia milango yote manake ni Afrika Mashariki hii hii. Siku moja sokoni nilimsalimia mama mmoja mtu mzima kwa Kiswahili changu cha kwetu, kwa adabu zote, akanitazama akanyamaza halafu akanijibu Kiingereza. Niliumia. Mume wangu akauliza kazini wakamweleza, kwa watu wa umri ule hapa Buganda Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, miaka ya 70 enzi za Idi Amin ukisikia Kiswahili getini usiku ujue kuna mtu anachukuliwa. Tangu hapo nikaacha kuanza na Kiswahili kwa wazee. Nasema oli otya nnyabo kwanza, yeye mwenyewe akitaka kugeuza lugha atageuza. Vijana wako tofauti, na tangu 2022 serikali yao ilipopitisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, jirani yangu ananiletea wanawe jioni niwasomee. Kinachonifurahisha ni vile Kiganda chenyewe kimejaa maneno yetu, emmeeza, ssabbuuni, essaawa, hata saa wanahesabu kama sisi, ssaawa bbiri ni saa mbili ile ile. Hayo maneno yalipanda huku na misafara ya watu wa pwani karne ya 19, pamoja na kanzu ambayo leo Muganda havai kitu kingine akienda kuposa. Nilipomwambia mama hivyo alikaa wima kidogo.

Ila kuna siku tuligombana. Binti yangu alirudi kutoka kwa jirani akampigia magoti mama kumsalimia, kama wanavyofanya wasichana wa huku. Mama akamwinua kwa mkono, akakasirika, akasema magoti ni ya Mungu, mimi nipe shikamoo yako na unibusu mkono imetosha. Mtoto akalia manake alidhani anafanya vizuri. Jirani aliposikia akaja mwenyewe, mwanamke wa makamo, akapiga magoti pale mlangoni kwetu kwenye simiti na umri wake wote, akasema kwetu hii si sala jjajja, ni vile siwezi kusema nawe nikiwa nimesimama juu yako. Mama akaketi chini kwenye jamvi ili walingane. Wakaongea mpaka magharibi, mmoja Kiswahili mwingine Kiganda, sijui walikuwa wanaelewana vipi. Tangu siku hiyo binti anapiga magoti nje na nyumbani anatoa shikamoo, na hakuna anayelalamika.

Huyu jirani ndiye aliyetuonyesha sami, vijidudu vya ziwani. Niliona moshi mweusi umesimama juu ya ziwa kama nguzo, nikadhani kuna boti inaungua, nikapiga kelele. Akasema si moto, funga madirisha, zima taa za nje. Baada ya muda upepo ukageuka na vile vijidudu vikaingia kila mahali, haviumi lakini ni vingi mno, kwenye pazia, kwenye chai, mwanangu mdogo kifua kikambana usiku kucha. Asubuhi tunafagia mafungu. Mimi nilikuwa nimechoka kabisa siku hiyo, nikamwambia mume wangu turudi Mombasa, nilimaanisha.

Mama alikuwa kimya anafagia. Halafu akauliza, jana mwezi ulikuwa wa ngapi? Nkamwambia sijui. Akahesabu kwa vidole, akasema mwezi umeandama juzi. Mwezi uliofuata akaningojea, na siku mbili baada ya mwandamo moshi ukasimama tena juu ya ziwa. Hakusema nilikwambia, alitikisa kichwa tu.

Kuanzia hapo akaanza kuwauliza wavuvi wa Kigungu, kuna mzee mmoja anajua Kiswahili. Mzee akamwambia mukene, hawa dagaa wa huku, wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mwezi ukiwa mpevu taa haivuti kitu na watu wengi hawaingii ziwani. Mama akacheka, mara ya kwanza namwona anacheka hivyo tangu tuje, akasema kumbe ni karabai ile ile, baba yenu alikuwa anashona nyavu siku kama hizo. Alirudi nyumbani ananisimulia mambo ya baba ambayo mimi sijawahi kuyasikia, na watoto wamekaa.

Sai kuna kalenda ya Kiislamu ukutani jikoni, mama anaiwekea alama kwa kalamu. Kule kwetu alama hizo zilikuwa za bamvua na maji mafu, hapa ni za sami na mukene. Jirani ashaanza kuja kumuuliza, jjajja, bado siku ngapi? Jana alimjibu kwa Kiganda, ssatu. Leo tumeshusha mapazia tumeyafua, na dirisha la chumba cha mdogo mama amelizibia kitambaa cha chandarua pembe zote nne.