Siku Wakata Boriti Walipopanda Mikoko

Mnamo Februari 2018 serikali ya Kenya ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na kwetu Lamu, ambako hukua zaidi ya nusu ya mikoko yote ya nchi, amri hiyo iliingia moja kwa moja jikoni. Wakata boriti wa kijiji cha Matondoni, yaani wakataji wa nguzo za mikoko, walitia nanga majahazi yao, na wasiokuwa na kazi nyingine wakaanza kukopa unga dukani. Ni katika hali hiyo ambapo kikundi cha akina mama kiliwaalika wakataji wenyewe waje kupanda, na mpaka leo naamini mwaliko ule ulikuwa na busara kuliko mikutano mingi niliyohudhuria juu ya mabadiliko ya tabianchi.

Tulitoka asubuhi wakati wa bamvua, siku za kujaa na kupwa kukubwa, maji yakiwa yametoka mbali na masika yameanza, kwa kuwa mvua hupunguza chumvi ya tope na mche mchanga hushika upesi. Vijana walikwisha kuchagua mahali, uwanda mpana wa tope mbele ya msitu, usio na mti hata mmoja. Mzee aliyekata boriti tangu ujana wake, ambaye sote tulimwita Ami, aliutazama kwa muda kisha akasema, "Wanangu, hapo sijapata kuona mkoko tangu nizaliwe. Mkipanda leo, kusi likivuma mawimbi yatachukua yote."

"Basi tupande wapi, Ami?" akauliza mama mmoja, akiwa na kikapu cha mbegu kichwani.

Akatuongoza ndani, tope likitufika magotini, na njiani akatuonyesha jinsi aina za mikoko zinavyopangana: mlilana mbele kabisa palipo na maji makuu, mkoko wenyewe kandokando ya mikono ya bahari, nyuma yake muia na mkandaa, na mchu upande wa nchi kavu. Tulipofika penye uwazi uliokatwa miaka mingi nyuma, bado hakuruhusu mtu kupanda. Magogo yaliyoachwa na wakataji yalikuwa yameziba kijito, na nyuma yake maji yalikuwa yametuama, ya moto na yenye chumvi kali, ambamo mbegu isingeweza kuishi. Sehemu kubwa ya asubuhi ile ilikwenda katika kung'oa magogo, na kijito kilipofunguka na maji kuanza kushuka, akina mama walipiga vigelegele.

Baada ya hapo ndipo tulipoanza kupanda. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti, ikarefuka na kuning'inia, na iliyokomaa hutambulika kwa pete ya manjano karibu na kichwa. Isiyo na pete hiyo Ami aliiweka kando. Iliyokomaa aliichomeka wima, taratibu, mpaka theluthi yake ikazama, akiiongoza kwa vidole ili ncha isichubuke.

Wataalamu hutueleza, na ni kweli, kwamba tope la mikoko huhifadhi kaboni nyingi na kwamba mizizi yake huvunja nguvu ya mawimbi, jambo lenye uzito kwa visiwa kama vyetu wakati huu ambapo bahari inapanda. Ami hakuitaja kaboni. Alizungumza juu ya kamba na kaa wanaokulia kwenye mizizi ile, na kila aliyekuwepo alimwelewa, kwa sababu ndicho chakula cha nyumba zao.

Mwaka uliofuata nilipita pale kwa mashua nikakuta miche mingi imetoa majani na maji yakiingia na kutoka bila kizuizi. Baadaye, ruhusa ya kukata iliporudishwa, akina mama waliwafuata wakataji wakakubaliana nao kwamba yeyote atakayekata upande ule aondoe matawi na magogo yote kwenye vijito kabla jahazi halijapakiwa, na Ami ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kukagua.