Wajerumani walipokuja Kalenga kuomba radhi

Nilipewa ukalimani kwa sababu Kiingereza changu kilikuwa na nafuu kuliko cha vijana wenzangu wa kwaya, basi. Wageni walitoka usharika rafiki wa Ujerumani, na walishamwandikia mchungaji wetu kwamba wanataka kwenda Kalenga, karibu na Iringa mjini, kuomba radhi kwa yaliyompata Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Ilikuwa miaka kadhaa kabla Rais Steinmeier hajasimama Songea, Novemba 2023, kuomba msamaha kwa niaba ya nchi yao. Kwetu lilikuwa jambo geni.

Tulianzia makumbusho. Mkwawa alijipiga risasi Julai 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, wakamkata kichwa wakakipeleka kwao. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza fuvu lirudishwe, lakini Wahehe walisubiri hadi 1954, Gavana Twining alipolipata Bremen na kulileta kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Mama mmoja wa Kijerumani alilitazama fuvu kwenye kabati la kioo, akalia waziwazi. Sikujua nifanye nini. Hilo halikuwemo kwenye ukalimani.

Kutoka hapo tukaenda kwa mzee mmoja wa kijiji ambaye mchungaji alikuwa amemwomba atupokee. “Kamwene,” tukasalimia, wageni nao wakajaribu. Tukaletewa ugali na kuku, na kwa wanaotaka, ulanzi, pombe ya mianzi. Mchungaji akapata ghafla jambo la kutazama upande wa mtoni.

Baada ya kula, kiongozi wa wageni alisimama na karatasi yake. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama na wao wanadai chochote kwa ajili ya Zelewski, kamanda wa Kijerumani aliyeuawa na Wahehe pale Lugalo mwaka 1891 pamoja na askari wake wengi. Wageni wakatazamana. Mzee akacheka, akawaambia wakae, yeye si msemaji wa Wahehe wote, ila wamefanya vizuri kuja.

Halafu akamgeukia mchungaji.

“Mchungaji, hawa wametoka mbali. Wewe unatoka hapo Iringa mjini. Baba yangu mlimtenga.”

Baba yake alikuwa mkristo wa siku nyingi. Mwaka mmoja wa ukame alikwenda na ukoo kwenye tambiko makaburini, baraza la wazee wa kanisa likamtenga na Meza ya Bwana. Alikufa hajarudishwa, akazikwa bila mchungaji wala kengele. Mzee alisimulia bila kupandisha sauti, akitaja waliokuwepo na waliokataa kuja.

Nikaacha kutafsiri. Niliona ni mambo ya nyumbani. Mzee akanikazia macho: “Waambie na hilo, mwanangu.” Nikawaambia.

Mchungaji hakujitetea, ingawa yalitokea kabla hajazaliwa. Alisema, “Baba, nipe nafasi nirudi peke yangu.” Na alirudi, bila wageni wala kamera.

Barazani mvutano ulikuwa mkali. Wengine walisema maiti harudishwi kundini, wengine kwamba tukilegeza hapa kesho watu watatambika madhabahuni. Mimi naamini waliogopa zaidi kukiri kwamba baba zao ndio waliopiga kura ile. Mwishowe jina la marehemu lilisomwa kanisani Jumapili ya kuwakumbuka marehemu. Mzee alikuja, akakaa benchi la nyuma. Ibada ilipokwisha alimshika mchungaji mkono mlangoni, akamshukuru, kisha akaanza kumtajia wengine waliotengwa mwaka uleule.