Siku yangu ya kuwatembeza wageni Umoja wa Mataifa

Saa 12 asubuhi. Hapa Queens, New York, bado giza, na Tanga ni saa 7 mchana. Nampigia mama huku nikinywa chai ya rangi. Nyuma ya sauti yake nasikia masufuria. "Leo unawatembeza kina nani?" huniuliza kila siku. Nitawajua wakifika, mama.

Saa 2. Treni namba 7 hadi Grand Central, kisha kwa miguu mtaa wa 42 hadi karibu na mto.

Saa 3. Waongoza wageni tunapewa taarifa za asubuhi: Baraza la Usalama linakutana kuhusu nini, wapi mapigano yamezuka upya. Nazisikiliza kwa makini, kwa sababu anayeniuliza kuhusu Goma pengine ana ndugu Goma.

Saa 4. Kundi la kwanza ni wanafunzi. Naanzia kwenye picha za Makatibu Wakuu, kuanzia Trygve Lie wa Norway. Kwa mbali utadhani zimechorwa kwa rangi. Ukisogea unaona nyuzi: ni mazulia ya hariri, zawadi ya Iran. Binti mmoja alizipitia zote, akauliza mbona wote wanaume. Ameuliza la haki, hasa sasa ambapo muhula wa António Guterres unaishia Desemba 31, 2026. Nikamjibu kuwa tangu 1946 hajateuliwa mwanamke hata mmoja, na kwamba mimi natamani nimwone.

Saa 4 na nusu. Bahati nzuri, ukumbi wa Baraza la Usalama hauna kikao. Kitambaa cha ukutani kina nanga, masuke ya ngano na moyo, yaani imani, matumaini na upendo. Hapa ndipo mtu anapopendekezwa kuwa Katibu Mkuu kabla Baraza Kuu halijamteua, na hapa ndipo jina linapokufa.

Siwezi kupita hapa bila kumtaja Salim Ahmed Salim. Mzaliwa wa Zanzibar, balozi wetu Cairo mwaka 1964 akiwa na miaka 22, Rais wa Baraza Kuu mwaka 1979. Mwaka 1981 aligombea Ukatibu Mkuu, na duru ya kwanza alipata kura 11, Kurt Waldheim 10. Marekani ikampiga veto, ile kura ya turufu ya wanachama wa kudumu wa Baraza la Usalama. Waldheim naye akapigwa veto na China, duru baada ya duru, mara 16. Mwishowe wote wawili wakakaa kando, akapita Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

Kwa nini Marekani ilimkataa? Wengi husema ni kwa ajili ya usiku wa Oktoba 25, 1971, China ya Beijing ilipopewa kiti cha China badala ya Taiwan, kinyume na matakwa ya Marekani, na wajumbe wa Tanzania wakashangilia waziwazi. Nikiwafikisha wageni ukumbi wa Baraza Kuu, nawaonyesha viti tu, nanyamaza kidogo. Binafsi naamini dunia ilipoteza mpatanishi. Afrika ilimpata: aliongoza sekretarieti ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kuanzia 1989 hadi 2001.

Saa 7. Wali na maharage, haraka haraka.

Saa 8. Mama mmoja wa Kisauni, Mombasa, amekuja na bintiye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Kumbe Kiswahili kipo huku!"

Nikawatembeza kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Mbele ya picha ya Kofi Annan akasimama, hakutaka kuondoka. Nikaanza kumweleza kwamba Annan aliingia Umoja wa Mataifa mwaka 1962 kama ofisa mdogo wa bajeti kule Geneva, katika Shirika la Afya. Akanikatiza.

"Huyu namjua. Mwanangu alikuwa dereva wa lori, akakwama Naivasha barabara zimefungwa. Kila jioni tukikaa mbele ya televisheni, tunamtazama uso anapotoka mkutanoni, tujue kama kuna heri."

Januari 2008, Kenya ikiwa kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, Annan alikuwa ameshastaafu. Hakuwa na jeshi wala cheo. Alikuja Nairobi na Benjamin Mkapa na Graça Machel, akakaa mpaka mahasimu wawili, Rais Kibaki na Raila, walipotia saini makubaliano ya kugawana madaraka, Februari 28.

"Siku ile ile mwanangu alinipigia simu," akasema, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Saa 11 jioni. Niko kwenye treni. Tanga ni saa 6 usiku, mama amelala. Namwachia ujumbe wa sauti: leo nilimtembeza mama mwenzio wa Kisauni.