Tulilipia Ufuo Kalangala

Picha ilionyesha mchanga mweupe, viti viwili vya kujilaza chini ya mwavuli wa nyasi, na maji yametulia hatua kama ishirini mbele yake. Rafiki yangu mmoja, dada wa kutoka Arua, alituonyesha kwenye simu yake Ijumaa jioni, tumekaa Kabalagala, mtaa wa Kampala, tukingoja chipsi. Rafiki yetu mwingine, kaka wa kutoka Goma, akasema, "Twendeni kesho." Mimi ni mtoto wa Pangani, pwani ya Tanzania. Tangu nihamie Kampala sikuwa nimeona maji yanayokwenda mpaka jicho linakoma, kwa hiyo sikuhitaji kubembelezwa. Hoteli, iliyoko Kalangala katika visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, ilitaka pesa mapema kwa simu, shilingi 180,000 kila chumba, kwa kuwa vyumba vyao viko "ufukweni kabisa". Tukatuma za vyumba viwili kabla chipsi hazijafika.

Meli ya MV Kalangala iliondoka Nakiwogo, pale Entebbe, saa nane mchana, ikachukua kama saa tatu na nusu kufika Lutoboka, bandari ya Kalangala. Tulikaa katikati ya magodoro, kreti za soda na mama mmoja mwenye boksi la vifaranga. Soda moja ndani ya meli ilikuwa karibu mara mbili ya bei ya dukani, na kiti cha mbao kiliniumiza mgongo. Kwetu ukishuka kwenye boti ya Zanzibar unashuka na chumvi mdomoni. Katikati ya ziwa nililamba midomo mara kadhaa bila kufikiri. Hapakuwa na kitu.

Tulipokaribia Bugala, kisiwa kikubwa kuliko vyote 84 vya Ssese, niliona makuti yanapepea juu ya kilima na moyo ukanienda mbio. Minazi! Nikawaambia wenzangu kwa sauti, na mzee aliyekuwa nyuma yangu akanirekebisha kwa upole: hiyo ni michikichi. Katika miaka ya 2000 msitu mwingi wa kisiwa hicho ulikatwa kupisha mashamba ya mafuta ya mawese. Kwa mbali mti huo unamdanganya mtu wa pwani kabisa.

Basi tukafika hotelini, na ufuo haukuwepo.

Nitalieleza hili polepole kwa sababu bado linanikera. Kutoka kwenye baraza ya kulia chakula kulikuwa na ngazi za saruji zilizopakwa rangi nyeupe, zinateremka kuelekea mchangani. Ngazi tatu za juu zilikuwa kavu. Ya nne ilikuwa inalambwa na maji. Kuanzia ya tano zote zilikuwa chini ya ziwa, zimeota utelezi wa kijani, na visamaki vidogo vilikuwa vinapita juu yake. Mwavuli wa nyasi tuliouona kwenye picha ulikuwa bado umesimama, ila umesimama majini, na juu yake mnandi alikuwa ametandaza mabawa anayakausha. Mchanga ule mweupe tuliukanyaga kwa macho tu, kupitia maji.

Meneja alikuwa kijana wa heshima, lakini alikuwa na jibu moja. "Ziwa lipo, sebo," yaani bwana. "Hapa ni ufukweni."

Dada wa Arua akamwambia, "Kaka, hatukulipia ziwa. Ziwa lipo hata Port Bell, tena bure. Tulilipia mahali pa kukaa."

Akasema mwenye hoteli yuko Kampala. Akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena mbele yetu. Kaka wa Goma akauliza picha ile ilipigwa mwaka gani, na kijana akakiri kwamba alipoajiriwa aliikuta. Tulibishana mpaka jua likazama. Mwisho alikubali kutupunguzia 40,000 kwa kila chumba, tena si taslimu, bali kwa chakula, na chakula chenyewe kilikuwa sato wa 35,000 ambaye watu watatu hawamshibi. Mimi nasema huo ni wizi. Maji kupanda si kosa la mtu yeyote pale. Kuiacha picha ya zamani mtandaoni na kupokea pesa za watu kwa ajili yake ni kosa la mtu.

Usiku sikulala vizuri. Chandarua kilikuwa na matundu, lakini zaidi nilikuwa nawaza zile ngazi. Pangani maji yakija tunajua yatarudi. Mwezi ukiandama au ukipevuka huja bamvua, bahari inapanda mpaka inatisha, na baada ya saa sita hivi imekupwa, watoto wako kule mbali wanatafuta kaa. Najua ziwa halina kupwa na kujaa kwa namna hiyo. Hata hivyo kabla ya kulala nilichukua kipande cha mkaa jikoni, nikachora mstari kwenye ngazi ya nne pale maji yalipoishia. Alfajiri nikaenda kuangalia. Maji yalikuwa kwenye mstari uleule.

Bibi aliyekuwa anaanika mukene, dagaa wa ziwani, upande wa pili wa ua aliniona nimechuchumaa pale. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi," nikidhani ataniangalia tu, akajibu "Marahaba" kwa sauti ya mtu aliyezoea. Zamani alikuwa anauza samaki kwa wafanyabiashara wa Bukoba. Pale kila mtu anamwita jaja, yaani bibi kwa Kiganda, nasi tukamwita jaja. Akatuchukua hadi nyuma ya nyumba yake, kwenye mwembe uliogongwa misumari kwenye shina. Kila maji yalipopanda kuliko mwanzo, mume wake aligonga msumari, na alipofariki jaja akaendelea.

Msumari wa chini kabisa alisema ni wa baba mkwe wake, wa maji yaliyokuja wakati wa uhuru, jaja mwenyewe akiwa mtoto mdogo. Uganda ilipata uhuru mwaka 1962, na kipimo cha maji cha Jinja kinasema jambo hilohilo: mwaka 1964 ziwa lilifika mita 13.41, likakaa na rekodi hiyo miaka mingi. Mvua za mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 ndizo zilizoivunja, Mei 2020, kwa mita 13.42. Maji mengi ya ziwa hili hutoka kwenye mvua inayolinyeshea lenyewe, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Nile pale Jinja. Kwa hiyo likishajaa linapungua kwa miaka, si kwa saa.

"Wajukuu zangu," jaja alisema, "mwaka ule nilihamisha jiko mara mbili."

Kaka wa Goma akamuuliza kwa nini asihamie bara. Akajibu kwamba babu zake walishawahi kuhamishwa. Wakati wa ugonjwa wa malale, mwanzoni mwa karne iliyopita, serikali ya kikoloni iliwaondoa watu visiwani, na familia yake ilichukua miaka mingi kurudi. Haondoki tena. Alitupa chai na mihogo, akakataa pesa. Dada wa Arua akaziacha chini ya sahani.

Jumapili iliyobaki haikuwa na jambo. Hatukutaka kurudi kwa meli, tukakodi bodaboda tatu mpaka Luuku, bandari nyingine ya kisiwa hicho, njia nzima michikichi na vumbi jekundu, kwa bei ambayo sitaki kuikumbuka. Kivuko cha Luuku kwenda Bukakata, bara upande wa Masaka, kilikuwa cha bure, nacho ndicho kitu pekee cha safari nzima ambacho hakikutugharimu. Kutoka Masaka nililala mpaka Kampala.

Kwetu Pangani wamejenga ukuta kuzuia maji yasiule mji. Nilipokuwa naondoka nyumbani sikuutilia maanani. Ulikuwa mahali pa kukaa jioni kupunga upepo. Siku zote niliamini bahari yetu inarudi, na kweli inarudi, lakini ninavyofikiri sasa mtu hajengi ukuta kwa maji anayoyaamini. Wala sijui kama kuna mtu kwetu anayegonga misumari.

Nimempigia mdogo wangu. Nimemwomba kila bamvua asimame mahali pamoja, karibu na kivuko cha kwenda Bweni, apige picha ya ukuta na maji, aandike tarehe. Amekubali, ila anataka nimtumie hela ya bando kila mwezi. Nitatuma.