Mwenye nyumba mmoja, ghorofa mbili, kodi mbili

Jumamosi iliyopita, saa tatu usiku, mwenye nyumba alinipigia simu. Salamu fupi, kisha akaingia kwenye jambo lake: mkataba unaisha mwisho wa mwezi, na kuanzia mwezi ujao fleti ni pauni za Misri 11,000. Mimi nalipa 7,500. Nikamwambia, bwana, mwaka jana ulipandisha, mwaka huu unapandisha tena, na mshahara wangu haujasogea. Akanijibu, "Nyinyi wageni ndio mliopandisha kodi za Kairo. Ukiona ghali, mji ni mpana." Akakata.

Nimeishi mji huu miaka kumi na moja. Nilikuja kusoma Al-Azhar, nikalala bwenini Madinatul Bu'uth kule Abbasiya, nikamaliza, nikapata kazi kwenye ofisi ya mizigo, nikaoa, na watoto wangu wawili wamezaliwa hapa. Tunakaa Hayy el-Asher, Nasr City. Kila Mswahili aliyepita Misri anaujua mtaa huu, maana humu ndimo tunamobanana na Waindonesia, Wasomali, Wakomoro na Wanaijeria. Kodi yangu nalipa kila tarehe mosi na sijachelewa hata mwezi mmoja. Ndiyo maana neno lile limeniuma kuliko zile pauni 3,500.

Niwape hesabu kamili, kwa sababu wadogo zangu wengi mnaniandikia mkiuliza "maisha ya Misri ni rahisi, siyo?" Fleti hii ya vyumba viwili niliingia 2021 kwa pauni 2,200. Aprili 2023 vita vikalipuka Sudani na watu wakaanza kumiminika Kairo na vitoto mgongoni. Mitaa ya Faisal, Ard el-Lewa, Hadayek el-Maadi na huku kwetu, madalali wakawa hawakamatiki. Machi 2024 serikali ikaiachia pauni ijitafutie bei yake sokoni: asubuhi dola ilikuwa pauni 31, jioni inakaribia 50. Wenye nyumba wengi hapa wana dola kichwani hata kama maishani hawajawahi kuishika. Dola ikipanda, kodi inapanda. Dola ikituliatulia, kodi haishuki.

Wa Dar mtasema afadhali huko, kwetu mwenye nyumba anataka ya miezi sita au mwaka mzima mkononi. Kweli, na mwanzoni hilo lilinifurahisha sana. Hapa unatoa mwezi mmoja, dhamana ya mwezi mmoja na ya dalali, unaingia. Lakini ya mwaka ukishailipa, angalau mwaka mzima unalala. Hapa kila mkataba ukikaribia mwisho unaanza kuangalia simu kwa wasiwasi.

Sasa nije kwenye jambo lililonikereketa miaka yote, na ambalo wiki hii limenigeukia vibaya.

Jengo letu lina ghorofa sita, na lote ni la familia moja. Mzee aliyelijenga alishafariki, na huyu anayenipigia simu ni mwanawe. Ghorofa ya tatu anakaa bi mkubwa mmoja, mjane wa miaka 74, tunamwita Hajjati. Huwa anashusha kikapu kwa kamba kutoka roshani, mtoto wa duka anatia mkate na chenji, kisha yeye anavuta juu taratibu. Binti yangu wa miaka sita akimwona anaacha kila kitu akashike kile kikapu kisigonge ukuta. Siku moja, miaka mitatu nyuma, nilimkuta Hajjati mlangoni na bawabu anampa risiti ya kodi. Macho yangu yakaangukia namba. Pauni 18. Kwa mwezi. Fleti ya vyumba vitatu, dari refu, roshani mbili. Kwetu hiyo ni chapati mbili na chai, tena chai ya rangi.

Nilipanda ngazi moyo unawaka. Mwenye nyumba ni yuleyule!

Ukitaka kuuelewa mji huu lazima uielewe ile risiti. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ilizuia kodi zisipande. Akaja Rais Nasser, akazishusha mara kadhaa kwa amri, maana alitaka mfanyakazi wa mjini apate pa kulala. Sheria ya 1977 ikasema mpangaji akifa, mkataba unakwenda kwa mke na watoto waliokuwa wakiishi naye. Kodi ikagandia palepale, pauni ikawa inayeyuka, mkate ukapanda, nyama ikapanda, kodi imelala. Wenye majengo nao wakatafuta njia, wakaanza kudai kilemba, yaani fungu la pesa la mara moja, kabla ya kutoa ufunguo. Aliyewahi kupanga duka Mombasa hahitaji kuelezwa kilemba ni nini. Mume wa Hajjati alikitoa, akauza dhahabu ya harusi ya mkewe kukitimiza, mwaka 1980. Hilo sikulijua siku ile nilipoiona risiti. Mimi niliona 18 tu.

Mwaka 1996 ikatungwa sheria namba 4: mikataba yote mipya ni huru, bei na muda ni makubaliano ya watu wawili. Ya zamani ikabaki ya zamani. Kwa hiyo ngazi moja ina watu wa dunia mbili. Waliotangulia wanalipa bei ya pipi, na waliochelewa, yaani vijana wa Kimisri wanaotaka kuoa na wageni kama sisi, tunalipa bei ya leo na mkataba wa mwaka mmoja. Msiseme ni wageni peke yao wanaoumia. Kijana wa Kimisri hapewi mke kama hana fleti. Namjua mmoja ofisini kwetu amechumbia miaka sita.

Na hapo ndipo kuna kitu sijawahi kukizoea. Nyumba zipo. Katika jengo letu fleti nne hazina taa usiku tangu nimehamia. Moja ni ya mtoto wa mwenye nyumba aliyeko nchi za Ghuba, nyingine imewekwa akiba ya mjukuu akioa. Sensa ya 2017 ilihesabu zaidi ya nyumba milioni 10 nchi nzima ambazo hazikaliwi, ama tupu ama zimefungwa kwa sababu wenyewe wana pengine pa kukaa. Wenye nyumba wa zamani waliogopa kupangisha, maana walishaona mpangaji akiingia hatoki. Wa leo wanaiona pauni inavyoanguka, basi hawaweki pesa benki, wanaweka kwenye matofali. Fleti hapa ni kama dhahabu, unaifungia kabatini.

Ukipita barabara ya mzunguko inayozunguka Kairo utaona upande wa pili wa hadithi. Majengo ya matofali mekundu yasiyopigwa lipu, yamesimama bega kwa bega hadi kwenye mashamba, nondo zimechomoza juu zikingoja ghorofa ya mtoto anayefuata. Wamisri wanaita ashwaiyat. Zaidi ya nusu ya watu wa jiji hili wanaishi humo, na wamejijengea wenyewe, bila kibali na bila kumsubiri mtu. Mtu wa Manzese au Tandale hatashangaa. Mimi nimeingia nyumba za wenzetu kule Ard el-Lewa: nje tofali tupu, ndani vigae, pazia la maua na friji kubwa. Zile ni nyumba za watu.

Septemba 2008 mwamba wa mlima Mokattam uliporomoka ukafunika nyumba za Duweiqa, watu zaidi ya mia wakafa. Baada ya hapo ndipo serikali ikaunda mfuko wa kushughulikia makazi ya hatari, na mwaka 2016 ukafunguliwa mtaa wa Asmarat juu ya mlima huohuo. Nimefika kumtembelea fundi wetu. Majengo yamepangwa safi, kuna viwanja vya kuchezea, na watu walikuta fleti zina vitanda na jiko. Nilisimama pale nikawakumbuka watu wa bonde la Msimbazi walivyopelekwa Mabwepande baada ya mafuriko ya 2011 wakaanzia kwenye mahema, na wale wa Kimara waliovunjiwa 2017 kupisha barabara. Nawapa Wamisri haki yao kwa hilo. Lakini yule fundi aliniambia kitu. Kule chini alikuwa na karakana mlangoni, mteja anamwita kwa sauti, na sasa anapanda basi kwenda kutafuta kazi aliyokuwa akiamka nayo. Na kila mwezi kuna kodi, ambayo zamani haikuwepo.

Serikali yenyewe inajenga usiku na mchana, hilo halina ubishi. Tangu miaka ya sabini wanajenga miji jangwani: 10 Ramadhani, 6 Oktoba, Obour, Badr. Mwaka 2015 wakatangaza mji mkuu mpya kabisa, kilomita 45 hivi mashariki ya Kairo. Kuna fleti za gharama nafuu za kununua kwa mkopo wa muda mrefu, na 2021 rais alitangaza riba ya asilimia 3 kwa hadi miaka 30. Mkopo wa nyumba wa asilimia 3! Nilipomsimulia kaka yangu wa Tanga alidhani nimesikia vibaya. Fleti zile ni za raia, sisi hazituhusu, na sina kinyongo. Ila Mmisri akipata fleti Badr na kazi yake iko Ataba, katikati ya Kairo, nauli ya mikrobasi na saa mbili za njiani kila upande humla. Wengi wanafunga mlango na kurudi kwa mama yao mjini.

Sasa Hajjati. Novemba 2024 Mahakama Kuu ya Katiba ilisema kugandisha kodi milele ni kinyume cha katiba. Agosti 2025 ikatoka sheria namba 164. Nyumba za kuishi zenye mkataba wa zamani zimepewa miaka saba, kisha mkataba unakufa. Kwanza kila mmoja alipe pauni 250 hadi kamati zipange mitaa kwa madaraja, na ukiwekwa mtaa wa daraja la juu, kiwango cha chini ni 1,000. Kila mwaka inaongezeka asilimia 15. Nilipoisikia redioni, nasema kweli mbele ya Mungu, nilifurahi. Nikasema sasa na yeye ataonja.

Basi Jumapili, kesho yake baada ya ile simu, mlango ukagongwa. Hajjati. Lifti yetu ni mbovu tangu Ramadhani, na magoti yake hayapandi hata ngazi za duka. Alipanda ghorofa mbili, sufuria ya mahshi, mboga zilizojazwa wali, mkononi, akakaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona na kuhema dakika nzima bila kusema. Mke wangu akampa maji. Kumbe binti yetu alimwambia "tunahama". Akamtazama mke wangu: "Binti yangu, usifunge hata mfuko mmoja."

Jumatatu akamwita mwenye nyumba kwake kunywa chai. Huyu bwana amezaliwa katika jengo hili, na mama yake alipolazwa ni Hajjati aliyemnywesha uji. Sikuwepo, lakini bawabu alikuwepo, na bawabu hana siri. Anasema Hajjati alimwambia, "Huyu mgeni ndiye aliyenipeleka hospitali usiku wa manane nilipoanguka. Wewe ulikuwa wapi?" Jioni bwana akanipigia simu. Pauni 9,000, mkataba wa miaka miwili, na safari hii alinisalimia hadi watoto. Lile neno lake hakulirudisha.

Na mwanamke huyu aliyeninusuru, miaka saba ijayo, mtu huyohuyo ana haki kisheria kumwambia atoke. Atakuwa na miaka 81.

Mnaojiandaa kuja, nisikilizeni kama kaka yenu. Msimpe dalali hata pauni moja kabla hamjafungua mabomba na kuona maji yanatoka. Kadi ya umeme, ile kama Luku yetu, iangalieni kama ina deni la aliyetoka. Mkataba upelekeni Shahr el-Aqari, ofisi ya serikali ya usajili, ukapigwe muhuri, kibali cha kukaa kitauhitaji. Daini miaka miwili badala ya mmoja hata mkiongezewa kidogo. Na mnapohamia jengo jipya, wiki ya kwanza gongeni kila mlango mtoe salamu. Mimi niliishi mwaka mzima na Hajjati nikimjua kwa kikapu tu.

Jana jioni nilishuka kwake na simu yangu. Serikali ilikuwa imefungua maombi kwa wapangaji wa zamani wanaotaka nyumba mbadala, na yeye macho hayaoni vizuri, mwanawe yuko Italia. Akatoa mkataba wa 1980 kwenye bahasha ya plastiki, karatasi imekuwa ya rangi ya chai, saini ya mumewe chini. Nikajaza jina, namba ya kitambulisho, umri, idadi ya wanaoishi humo: mmoja. Nikamuuliza, Hajjati, ungependa wakupe fleti mji gani? Badr? Obour? Oktoba?

Akageuka kuangalia roshani, kile kikapu kimening'inia kwenye msumari.

"Andika Hayy el-Asher, mwanangu," akasema. "Andika ghorofa ya tatu."