Mioyo Miwili kwenye Hedifoni

Sini ya mwisho ya filamu yetu tuliipiga siku ya nne. Mtazamaji akifika hapo, wale vijana wawili wameshapendana, wamegombana na kupatana, na sasa binti anaondoka na basi la usiku kwenda chuo, mvulana anabaki katika mji mdogo walikokulia. Lakini katika ratiba yetu walikuwa hata hawajakutana. Sini ya kukutana kwao ilipangwa wiki mbili mbele. Kituo cha mabasi tulikuwa tumepewa kwa usiku mmoja tu, na filamu isiyo na kampuni kubwa nyuma yake hufuata mahali kabla ya kufuata hadithi: ukipata kituo, unapiga yote yanayotokea kituoni, ya mwanzo na ya mwisho.

Ilikuwa mwaka 2014. Nilikuwa na miaka 23, na hiyo ndiyo ilikuwa filamu yangu ndefu ya kwanza. Tulikuwa watu tisa tu nyuma ya kamera, kwa hiyo upande wa sauti ulikuwa mimi peke yangu. Kinasa sauti kilining'inia tumboni, mikono ilishika mti mrefu wa maikrofoni tunaouita bumu, na waigizaji wawili kila mmoja alikuwa na maikrofoni ndogo niliyoibandika kifuani chini ya nguo. Kwenye hedifoni nilimweka binti sikio la kushoto, mvulana sikio la kulia.

Mwongozaji alikuwa mwanamke mpole ambaye sote tulimwita Dada. Alikuwa amewakataza wale wawili kugusana mazoezini. Walisoma skripti wakiwa wamekaa pande mbili za meza, basi. "Wakikumbatiana leo," aliniambia, "kesho watakuja kuniigizia kumbatio la leo."

Jioni ya kuamkia siku ile alituonyesha mwanzo wa All the Real Girls, filamu ya David Gordon Green ya mwaka 2003 iliyopigwa huko North Carolina. Vijana wawili wamesimama wanaongea, wanakaribia kubusiana, na kamera imetulia inawasubiri. Alituonyesha kwa ajili ya mpiga picha wetu, ambaye alikuwa na hamu ya kuzungusha kamera kuwazunguka wale wapenzi wawili wa hadithi. Baada ya kuitazama hakuizungumzia tena hamu hiyo.

Nazipenda sana filamu za namna hii. Hakuna mtu mbaya ndani yake, wala mzazi aliyeapa kuwa ndoa haitafungwa. Kinachowatenganisha ni kwamba mmoja anatamani kuondoka na mwingine hajui maisha mengine zaidi ya haya. Na mji mdogo una kazi yake humo. Katika mji mkubwa mtu akikuacha unabadili njia, humwoni tena. Katika mji mdogo njia ni ile ile. Unapita kila siku penye ule ukuta mlioegemea, na aliyekuona ukiwa wawili sasa anakuona ukiwa mmoja.

Tulianza saa tatu usiku. Teki ya kwanza, yaani mara ya kwanza kuipiga sini ile, iliharibiwa na lori. Ya pili ilikosa fokasi, na sikumlaumu mtu, kwa sababu mwanga ulikuwa wa taa za kituo tu na lenzi ilikuwa imefunguliwa hadi 1.4, uwazi mpana sana. Katika uwazi huo, kinachoonekana vizuri ni sentimita chache. Mwigizaji akiegemea mbele kidogo, macho yake yanapotea ukunguni.

Teki ya tatu. Kibao kikapigwa. Binti alitakiwa aseme, "Nitakuandikia," na mvulana ajibu, "Usiandike. Rudi." Ndipo wakumbatiane.

Binti hakusema. Alimtazama kijana yule kwa muda uliozidi ule wa skripti, akaangusha begi, akamkumbatia.

Masikioni mwangu kila kitu kiliharibika papo hapo. Nguo zilisugua maikrofoni, pumzi zikaziba, halafu chini kabisa nikasikia mdundo. Nilidhani ni injini ya basi. Nikatazama basi: limezimwa, dereva yuko chini amekunja mikono anatazama kama sisi. Nikasikiliza tena. Ilikuwa midundo miwili, wa kushoto ukienda mbio, wa kulia mzito na wa polepole zaidi. Vifua vilikuwa vimebana maikrofoni zangu katikati, nami nilikuwa nasikia mioyo yao. Sauti ya moyo iko chini sana, huko huko ziliko ngurumo za magari na za upepo, na ndiyo maana kinasa sauti kina kichujio cha kuikata. Usiku ule sikukiwasha. Kama ningekiwasha, nisingejua lolote.

Sitasema kwamba midundo ile ilifikia mahali ikalingana. Haikulingana. Kila mmoja alibaki na mwendo wake hadi Dada aliposema, "Kata."

Nilifanya nilichofundishwa. Niliinua mkono nikasema sauti haifai, nguo zimesugua na kuna mapigo ya moyo. Dada alikuja akavaa hedifoni, nikamrudishia pale. Alisikiliza mara mbili. Binti alikuwa anaomba radhi kwamba maneno yamemtoka kichwani.

"Unaweza kuyaondoa haya mapigo?" Dada akaniuliza.

"Kwa sehemu tu, Dada. Yameingia pamoja na pumzi."

"Basi usiyaguse, mdogo wangu."

Tulipiga teki ya nne kwa usalama. Maneno yalisemwa yote, sauti ilikuwa safi kabisa. Haikutumika hata fremu moja.

Baada ya hapo ikabaki kazi yangu ya mwisho, ambayo watu wengi nje ya filamu hawaijui. Kila mahali pana ukimya wake. Kituo kile kilikuwa na mvumo wa taa, upepo kwenye bati na mbwa wa mbali. Mhariri anauhitaji ukimya huo ili aushonee katikati ya maneno, la sivyo kila anapokata sauti masikio yanasikia shimo. Kwa hiyo kabla ya kuondoka, kila mtu anasimama alipo bila kujongea, nami narekodi sekunde 30.

Nikaomba utulivu. Watu wakasimama kama walivyokuwa, mmoja na waya mkononi, mwingine ameshika mlango wa gari. Binti alikuwa ameshapanda basi, amekaa dirishani. Mvulana alibaki kando ya benchi, ametupa mgongo.

Sekunde ya tano au ya sita, sikio la kulia, nikamsikia analia.

Hakuwa anaigiza. Kamera ilikuwa imezimwa na hakuna aliyekuwa anamtazama. Alikuwa anajizuia kwa nguvu, anavuta pumzi kwa vipande vidogo vidogo akizibana zisitoke. Sikujua analia nini, na mpaka leo sijui.

Miaka minne kabla ya usiku ule nilipanda basi kama lile, katika mji wenye kituo kimoja kama kile, nikamwacha msichana amesimama kando ya benchi. Nilimpungia mkono hadi kona. Kwa miaka yote hiyo nilipomkumbuka nilikumbuka jinsi mimi nilivyoumia safarini, kichwa kwenye kioo, usiku kucha. Upande wa pili, kituoni, baada ya taa za nyuma za basi kupotea, sikuwahi kuusikia. Sasa ulikuwa sikioni mwangu, sekunde baada ya sekunde.

Nikashusha sauti ya maikrofoni yake hadi sifuri. Ukimya wa mahali unatosha kuchukuliwa na bumu peke yake. Nilibaki nahesabu upepo na bati hadi 30, kisha nikahesabu zingine 10 ili apate muda wa kujifuta uso.

"Asanteni," nikasema, na watu wakaanza kukunja waya.

Nilimfuata kumtoa maikrofoni. Alijifungua shati mwenyewe, nikabandua ile gundi taratibu ili isimvute ngozi. Macho yalikuwa mekundu lakini alitabasamu.

"Kaka, ilisikika?"

Alikuwa anauliza kuhusu sini.

"Ilisikika," nikamwambia.