Kiti cha upande wa kulia

Jumapili, saa nne usiku. Mtoto amelala, dada yuko uani anakosha masufuria, jirani kafungulia redio kama kawaida yake.

Leo mchana nilikuwa natafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Shule wanataka kopi ili aandikishwe darasa la kwanza mwakani, na vyeti vyangu vyote bado vimo kwenye lile begi la mgongoni nililotoka nalo kule kwa mume wangu. Miezi mitatu sasa sijalimaliza kulipakua. Navuta bahasha, cheti kinatoka, na nyuma yake karatasi iliyokunjwa mara nne. PF3. Ile ya mwezi wa tatu, ambayo sehemu ya daktari iko nyeupe, kwa sababu kwa daktari sikufika.

Kwa usiyeijua, na nakuombea usiijue, PF3 ni fomu ya polisi. Ukipigwa au ukijeruhiwa unaichukua kituoni, unaipeleka hospitali, daktari anaandika alichokiona mwilini mwako, halafu inarudi polisi kuwa ushahidi. Siku ile kaunta alikuwepo askari mmoja, kituo sikitaji. Aliniuliza, "Ulimfanya nini mpaka akapiga?" Akaandika jina langu, akagonga mhuri, na wakati ananikabidhi akaniambia, "Dada, nenda nayo nyumbani kwanza, mkazungumze. Ukiijaza hii, ndoa imekwisha." Alisema kwa upole kabisa, na ndiyo maana nilimsikiliza. Angenifokea, huenda hasira zingenifikisha hospitali.

Nikarudi nyumbani na karatasi yangu nyeupe. Tukazungumza. Yaani alizungumza.

Nimeshauriwa mimi, jamani. Sidhani kama Temeke nzima kuna mwanamke aliyeshauriwa kuliko mimi mwaka huu. Somo yangu aliyenifunda alinikumbusha kwamba mambo ya chumbani hayatoki sebuleni. Mwenyekiti wa mtaa alituita wote wawili, akatutaka tupeane mikono, tukapeana. Mama mwenye nyumba alinishauri nisijibu. Shangazi, ambaye ndiye aliyenilea, alikuwa na methali kwa kila jeraha. Mdomo ulipopasuka ilikuwa mvumilivu hula mbivu. Mkono ulipovimba ikawa vikombe vikikaa kabatini havikosi kugongana. Nilitamani kumwambia, shangazi, mbona kwenye kabati letu kinachovunjika ni kikombe kimoja tu, kila siku? Sikumwambia. Shangazi ni shikamoo na marahaba, kisha unainamisha kichwa.

Simlaumu peke yake. Baadaye nilikuja kusoma kwamba katika ule utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16, wanawake 58 katika kila 100 walikubali kwamba zipo sababu zinazomhalalishia mume kumpiga mkewe: kuunguza chakula, kutoka bila kuaga, mambo kama hayo. Wanaume waliokubali walikuwa 40. Niliisoma hiyo mara mbili nikidhani nimezigeuza namba. Hapana. Sisi ndio tuliowazidi.

Sikio sasa. Mwezi wa sita nilipigwa kofi lililoingia vizuri sikioni, upande wa kushoto, nikasikia mlio kama wa birika linalochemka, na mlio huo haukuzimwa kwa siku tisa. Yakaanza kutoka majimaji. Nikaweka pamba, nikajitanda khanga, nikaenda kazini (nakaa kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi, Buguruni) na wateja waliosimama kushoto kwangu wakaniona nina dharau.

Aliyenishika si mtu wa haki za wanawake wala nani. Nilimpeleka mtoto zahanati, ana kikohozi. Nesi akampima uzito, akaandika kwenye kadi, halafu bila kuinua kichwa akauliza, "Na hilo sikio lako limefanyaje?"

"Nilijigonga na mlango."

Akaweka kalamu chini. Akanishika kidevu, akanigeuzia uso dirishani, akaangalia shavu kwa muda.

"Huu mlango una vidole vinne," akasema.

Sikulia. Nilicheka, nikashangaa ninacheka. Naye akacheka kidogo, kisha akaniambia leo si lazima nimweleze chochote, ila pale hospitali ya wilaya, jengo la nyuma karibu na maabara, kuna mlango umeandikwa Mkono kwa Mkono, na nikifika nisipange foleni ya nje, nipite moja kwa moja. Akampa mtoto dawa, akaita mwingine.

Nilikwenda baada ya siku nne. Nilidhani nitakuta ofisi kubwa. Ni vyumba viwili na kaukumbi, benchi moja, feni inayolia. Lakini pale pale yupo askari wa Dawati la Jinsia na Watoto aliyevaa gauni lake tu la kitenge, yupo daktari, yupo afisa ustawi wa jamii, yupo mshauri nasaha. PF3 inaandikwa humo humo, daktari anaijaza humo humo. Karatasi ndiyo inayotembea, wewe umekaa. Sikuombwa hela wala sikuulizwa nilimfanya nini. Kuhusu sikio, daktari alisema ngoma imetoboka, nisiingize maji, nyingi hupona zenyewe. Yangu imepona nusu.

Yule askari wa kitenge ndiye aliyenieleza kwamba Sheria ya Ndoa, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake. Ya mwaka 1971! Sheria imenizidi miaka 21. Shangazi alikuwa bado shule ya msingi inapitishwa.

Kwenye benchi nilikaa na mama mmoja na binti yake. Sitasema zaidi ya hapa kuhusu wao ni nani. Yule mama alikuwa amemwogesha mwanawe, akazifua nguo zote, akaziloweka na Jik, akampaka mafuta, ndipo akamleta. Nesi alipomweleza kwamba ilitakiwa waje bila kuoga, na nguo zije kama zilivyo kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki maana unyevu unaharibu, yule mama alisema, "Nilidhani namsafisha." Nesi hakumgombeza. Alimwambia amewahi, saa 72 hazijapita, binti ataanza leo dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi na atazimeza siku 28 bila kuruka, na hata angechelewa bado angetakiwa aje. Yale maneno, "umewahi", niliyaona yanavyomshuka yule mama mabegani. Ninayaandika hapa ili kama kuna mtu anasoma ayajue kabla, siyo baada.

Kisha nikaingia kwa mshauri.

Nikiri kitu. Mlangoni pameandikwa "Ushauri Nasaha", nami roho ikaanguka. Ushauri, halafu tena nasaha. Nimetoka kwa shangazi, kwa somo, kwa mwenyekiti, sasa naenda kushauriwa na serikali. Nilikaa nikiwa nimeshajiandaa kuinamisha kichwa.

Ni mama wa makamo, ana miwani imefungwa na uzi. Akanisalimia, akauliza jina la mtoto. Nikawa namjibu huku nimegeuza shingo, kama nilivyozoea. Akanyamaza. Akasimama, akakiburuta kiti chake kuzunguka meza, kikakwaruza sakafu mpaka nikang'ata meno, akakiweka upande wangu wa kulia, akakaa. "Sasa unanisikia?" akauliza.

Hapo ndipo nililia. Nililia kwa sababu ya kiti.

Swali lake la kwanza halikuwa kuhusu ndoa. "Leo utalala wapi, na je, hapo utakapolala ni salama?" Nikasema nyumbani, kwake. Nilimsubiri aseme "usirudi". Hakusema. Wala hakusema vumilia. Katika watu wote niliowaendea mwaka huu, huyu ambaye kushauri ndiyo kazi yake, analipwa kwa kazi hiyo, ndiye pekee ambaye hakunishauri. Alisema, "Kama unarudi, basi tupange unavyorudi." Tukaandika, au tuseme tulikariri, maana karatasi huonekana: kitambulisho cha NIDA, cheti cha mtoto, kadi ya kliniki, hela kidogo, nguo mbili mbili, vyote kwenye begi, begi likae kwa dada wa saluni. Na neno la kumtumia dada yangu usiku: "Nitumie vocha ya elfu mbili." Dada akiiona hiyo, anakuja na shemeji, haulizi.

Nilirudi kwa mume wangu, nikakaa wiki tano nzima baada ya hapo. Najua wengine mtashangaa. Mwenyewe nilimwambia mshauri kwa aibu, "Bado nipo pale," na yeye akauliza, "Begi bado lipo?" Lipo. "Haya."

Siku yenyewe ya kutoka haina hadithi. Nilituma ujumbe wa vocha, dada akaja. Kesi inaendelea, kwa hiyo hilo siligusi.

Nilichokuwa sijui ni kwamba ukishatoka, mwili unabaki kule. Niko Gongo la Mboto, kwa dada, geti lina kufuli, lakini bajaji ikizima injini nje usiku mimi niko wima katikati ya chumba sijui nimesimama saa ngapi. Mume wangu anaendesha bajaji. Mkoa huu una bajaji ngapi? Nilimwambia mshauri naona nawehuka. Akasema, "Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hujawehuka. Ulishatafunwa." Akaniambia jina lake ni kiwewe. Nimelisikia hilo neno maisha yangu yote, mtu "ana kiwewe", tunalitumia kucheka anayebabaika akiona polisi wa barabarani. Sikujua kwamba ni kitu chenye dalili, kinachokaa ndani ya kifua na tumbo, na kwamba watu hukaa nacho chumbani na mshauri mpaka kinapungua. Na methali ile, baada ya methali zote nilizorushiwa, ndiyo ya kwanza iliyokuwa upande wangu.

Alinifundisha kitu kidogo. Ikikujia, taja vitu vitano unavyoviona. Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwenye daladala ya Buguruni, mwanaume aliyesimama nyuma yangu akanyanyua mkono kushika bomba, nami nikajikunja, kichwa magotini. Nikaanza. Kofia ya konda. Noti ya elfu moja kati ya vidole vyake. Kibandiko cha Simba kwenye kioo. Mkungu wa ndizi miguuni kwa bibi. Malapa yangu. Yule bibi akasema, "Unatafuta nini, mwanangu?" Nikamwambia, "Naangalia tu, bibi." Akanisogezea mkungu nipate pa kuweka miguu.

Si kila wiki ni nzuri. Kuna Alhamisi nimekaa pale dakika arobaini sijasema kitu, naye kakaa. Kuna siku nilimkasirikia, nikamwambia anaburudika na shida zangu, akasema sawa, tuonane wiki ijayo. Na kuna siku sikwenda kwa sababu nauli ilikuwa mboga.

Jumanne hii hayupo. Ni 25 Novemba, zinaanza zile Siku 16 za kupinga ukatili, mpaka 10 Desemba, na wamemwomba awepo kwenye maandamano. Nimemtania kwamba atarudi na tisheti na kofia, sisi wa kwenye benchi tusubiri. Akasema atachukua tisheti mbili.

Nilikuwa naikunja ile PF3 kuirudisha kwenye bahasha wakati simu ilipoita. Shangazi. Nikaenda nayo uani, sikio la kulia.

Shikamoo, marahaba, mtoto hajambo, dada hajambo. Kisha akauliza, na sauti yake ilikuwa na ukali ule wa kujiandaa kugombana, "Nasikia kila wiki unakwenda hospitali kushauriwa. Huyo mama anakushauri nini?"

"Hanishauri, shangazi."

"Sasa anafanya nini?"

"Anauliza. Halafu ananisikiliza."

Kimya. Nikasikia upande wa pili kuku wake wanahangaika bandani.

"Mnalipa shilingi ngapi?"

"Bure."

Akakohoa. "Yupo siku gani?"

"Jumanne na Alhamisi. Ila Jumanne hii hayupo, ana maandamano."

"Na wazee wanaingia, au ni nyie wasichana tu?"

Nikamwambia wanaingia. Nilimwambia na lile jengo, nyuma karibu na maabara, asipange foleni ya nje.

"Nauliza tu," akasema shangazi, kisha akataka kujua mchele Gongo la Mboto siku hizi kilo inauzwaje.